Roketi Iliyoanguka na Kahawa ya Kaisho



Jumanne ya tarehe 7 Machi 2023, saa kumi na dakika 37 alfajiri, Kaisho yetu ya Kyerwa, mkoani Kagera, ikiwa bado imejifunika blanketi, roketi mpya iliondoka katika kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Japani. Huko kwao ilikuwa asubuhi, na saa zao nazo zilisema 10:37. Wajapani wametutangulia kwa saa sita, na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunapishana na saa ya ukutani kwa saa sita hizohizo. Basi mzee wa Kaisho ukimuuliza saa ngapi na akakujibu kwa Kiswahili, ametaja saa ya Tokyo. Hilo nimelisema kwa sababu linanifurahisha tu. Tuendelee.

Roketi hiyo inaitwa H3. Ile iliyoruka siku hiyo ilikuwa na urefu wa meta 57. Iliundwa na shirika la anga la Japani, JAXA, pamoja na kampuni ya Mitsubishi Heavy Industries, ili ichukue nafasi ya roketi H-IIA iliyokuwa ikiruka tangu 2001. Shabaha yao ilikuwa bei: walitaka kurusha kwa nusu ya gharama ya ile ya zamani. Ilipangwa iruke mapema zaidi, lakini injini kubwa ya chini iliwasumbua kwa miaka. Tarehe 17 Februari 2023 wakajaribu. Injini za chini zikawaka, moshi ukatanda, kisha kimya. Zile roketi mbili za pembeni zenye mafuta magumu zilikataa kuwaka, kwa sababu nyaya zinazounganisha roketi na kituo zilipokatwa umeme ulitibuka kidogo, na mtambo unaoongoza roketi ukasitisha kila kitu. Roketi ikabaki imesimama palepale, nzima. Aibu kidogo, hasara ndogo.

Siku 18 baadaye ndiyo siku ninayoisimulia. Safari hii iliruka kweli, tena vizuri. Roketi za pembeni zikafanya kazi yake na kudondoka, sehemu ya kwanza ikamaliza mafuta na kuachana na ya pili. Ikabaki sehemu ya pili iwashe injini yake na kumalizia safari. Haikuwaka. Uchunguzi ulionesha baadaye kwamba kulikuwa na hitilafu ya umeme katika sehemu hiyo ya pili, umeme mwingi kupita pasipostahili. Waongozaji walisubiri, wakatazama namba zao, na dakika 14 hivi baada ya kuruka wakatuma amri ya kuilipua, kwa kuwa roketi isiyoweza kufika haiachwi iende inakotaka.

Ndani yake kulikuwa na satelaiti ya kuiangalia dunia, jina lake Daichi-3, yenye uzito wa tani tatu hivi na gharama ya makumi ya mabilioni ya yeni. Ikaanguka baharini pamoja na roketi yake.

Sasa utaniuliza: wewe bwana, Tanegashima na Kaisho vina uhusiano gani?

Chukua kibanja chako. Juu kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni maharage, na pembeni miti michache ya kivuli aliyoipanda babu. Ekari moja, mbili, ukibarikiwa tatu. Satelaiti za Marekani ziitwazo Landsat, ambazo picha zake ni bure kwa mtu yeyote duniani tangu 2008, zinaigawa ardhi katika miraba ya meta 30 kwa 30. Mraba mmoja ni zaidi ya sehemu ya tano ya ekari. Kila kilichomo ndani yake, mgomba, mbuni, nyumba, choo na njia ya kwenda kisimani, kinachanganywa na kuwa rangi moja. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-2 zimesogea karibu zaidi: miraba ya meta 10, na zinapopita mbili kwa zamu, zinarudi kila baada ya siku tano. Nazo picha zake ni bure. Lakini meta 10 kwa 10 bado ni migomba kadhaa kwa pamoja.

Daichi-3 ilikusudiwa kuona kitu chenye ukubwa wa sentimeta 80, tena katika ukanda wenye upana wa kilomita 70 kwa mpigo mmoja. Taji la mgomba mmoja, majani yakiwa yametawanyika, lina meta kadhaa. Maana yake ni kwamba jicho lile lingeweza kuuona mgomba mmoja mmoja, kutoka Murongo mpakani hadi mbali kusini kwetu, bila kubagua upande wa Rwanda wala wa Uganda.

Waliopoteza migomba kwa mnyauko wanajua kwa nini jambo hilo lina uzito. Ugonjwa ule umeutesa mkoa wa Kagera tangu 2006. Unaanza na shina moja: majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kutu. Kisha wadudu wanaupeleka kwa jirani kupitia maua, na panga ambalo halikusafishwa linaupeleka haraka kuliko wadudu. Watafiti wa kilimo wa TARI Maruku kule Bukoba wamelirudia neno hilo la panga hadi wamechoka. Kwa picha ya meta 10, satelaiti inaona msiba wakati matanga yameshaanuliwa, migomba ya upande mzima imekwisha. Kwa picha ya sentimeta 80 ungeweza kuona pengo la kwanza.

Lakini tusiipambe. Jani la njano linaweza kuwa ugonjwa, linaweza kuwa ukame, linaweza kuwa ardhi imechoka. Kutoka juu kilomita mia kadhaa hakuna anayekata shina na kuangalia usaha unaotoka. Picha inakuonesha pa kwenda, na mtu bado ni lazima aende kwa miguu yake.

Na kuna mawingu. Daichi-3 ilikuwa na kamera, na kamera haioni kilichofunikwa. Hapa kwetu mvua ni misimu miwili, na wakati mkulima anapoihitaji picha zaidi, yaani masika yamekolea na magonjwa yanasambaa, ndipo anga linapokuwa jeupe kwa wingu. Dawa ya wingu ni rada: satelaiti inatuma mawimbi yake yenyewe, yanapenya wingu, yanagonga ardhi na kurudi, usiku na mchana ni mamoja. Wajapani wanayo ya namna hiyo, Daichi-2, iliyorushwa 2014, na picha zake zimetumika kufuatilia ukataji wa misitu katika nchi zaidi ya 70 za ukanda wa joto. Rada haikuletei rangi ya jani, lakini inakuambia kama mti ungali umesimama.

Turudi kwenye anguko, maana kuna swali linalonisumbua. Kwa nini uipakie satelaiti ya thamani kiasi kile kwenye roketi ambayo haijawahi kuruka hata mara moja? Mtu wa kando ya mto Kagera hapakii gunia la kahawa kavu kwenye mtumbwi ambao haujagusa maji. Anaupeleka kwanza mtupu, arudi, auangalie kama unavuja. Na Wajapani wenyewe walilijua hilo: H-IIA iliporuka mara ya kwanza, Agosti 2001, ilibeba vifaa vya majaribio, satelaiti kubwa hapana. Miaka mingi ya mafanikio iliwafanya wajiamini, nami nadhani walijiamini kupita kiasi.

Hawakuwa wa kwanza. India iliirusha roketi yake ya PSLV kwa mara ya kwanza Septemba 1993, ikiwa na satelaiti ya kuangalia dunia, na vyote vikapotea. Mwaka uliofuata wakarusha tena, ikafika, na PSLV ikawa punda wao wa kazi kwa miongo mitatu. Tarehe 7 Agosti 2022 India hiyohiyo ikajaribu roketi ndogo mpya, SSLV, nayo ikabeba satelaiti ya kuangalia dunia pamoja na nyingine ndogo ambayo wasichana 750 wa shule walishiriki kuitengeneza. Injini zote za mafuta magumu zilifanya kazi. Ila sehemu mbili zilipoachana roketi ikatetemeka, vipimo vya mwendo vikachanganyikiwa kwa sekunde mbili tu, na kompyuta ikahukumu kwamba vipimo vyote vimeharibika. Satelaiti zikaachwa kwenye njia inayoshuka hadi kilomita 76 juu ya ardhi. Chini hivyo hewa haikuruhusu uzunguke. Zikaanguka. Fikiria: sekunde mbili. Februari 2023 roketi hiyo ilirudi angani na safari hiyo ikafika.

Na Japani? Februari 2024, mwaka mmoja kamili tangu siku ile injini zilipowaka na kukatishwa, H3 ya pili iliruka. Mzigo wake mkubwa safari hii ulikuwa uzito wa majaribio tu, na satelaiti mbili ndogo zilizopewa lifti. Wamejifunza mtumbwi. Ikafika. Tarehe 1 Julai 2024 ya tatu ikapeleka Daichi-4, satelaiti ya rada inayotazama ukanda wa kilomita 200 kwa mara moja na kuona vitu vya meta tatu. Hiyo iko juu sasa hivi.

Mnaona tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho. Tajiri anaanguka Machi, anachunguza, anarudi. Nchi kama yetu ikipoteza satelaiti yake ya kwanza baharini, najua kitakachosemwa bungeni, na najua kitakachosemwa vijiweni: fedha ile ingejenga madarasa mangapi. Mpango wote ungezikwa pamoja na mabaki. Serikali yetu imeshatangaza nia ya kuwa na satelaiti ya Tanzania. Ushauri wangu, ambao hakuna aliyeuomba, ni kwamba siku hiyo ikifika tukate tiketi kwenye roketi iliyozoea njia, hata kama mpya inatupa bei nafuu.

Majirani wamefanya hivyo. Ng'ambo ya mto wetu, Rwanda iliirusha RwaSat-1 jioni ya tarehe 24 Septemba 2019, saa moja na dakika tano kwa saa zetu, kutoka Tanegashima hiyohiyo. Ni kisanduku cha sentimeta 10 kwa 10 kwa 30, chenye kamera na uwezo wa kukusanya taarifa kutoka vipimo vilivyowekwa ardhini. Ilibebwa na H-IIB, roketi iliyokuwa imeruka mara saba kabla. Hata hiyo iliyozoea ilichelewa: wiki mbili hivi kabla, moto ulizuka kwenye jukwaa la kurushia, saa chache kabla ya wakati uliopangwa mwanzoni. Uganda, ng'ambo ya Murongo, ilipeleka PearlAfricaSat-1 Novemba 2022 kutoka Marekani, ikiwa imetengenezwa na vijana wao waliosomea Japani. Kenya ikapeleka Taifa-1 Aprili 2023, ndani ya roketi ya Falcon 9 iliyobeba makumi ya satelaiti za watu wengine. Kampuni inayoimiliki Falcon 9 ilianza na roketi ndogo iliyoanguka mara tatu mfululizo kabla ya kufika mara ya nne, 2008. Kenya ilisubiri wengine waanguke kwanza. Ni busara, hakuna aibu.

Tena Afrika Mashariki ilishaona roketi zamani. Kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha satelaiti tangu 1967, na moja iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ile ilitazama nyota, haikutazama mashamba. Upande wa pili, Kongo ilipoitwa Zaire, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilipewa eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi huko Shaba ili ijaribu roketi za bei rahisi. Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikuja kutazama, na siku hiyo roketi ikaharibikiwa mbele ya macho yake. Mwaka uliofuata kampuni ikaambiwa ifungashe. Sijui rais gani mwingine amealikwa siku mbaya hivyo.

Sasa nisikilize kwa makini wewe mwenye kahawa, maana hapa ndipo pako.

Mwaka uleule wa 2023, karibu miezi minne baada ya Daichi-3 kuzama, sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ilianza kuhesabiwa kuwa sheria. Inasema kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa hayatauzwa Ulaya kama yametoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, ndiyo maana wengine wanadhani imekufa. Haijafa. Inamtaka mnunuzi ataje mahali kila kibanja kilipo, kwa namba za ramani. Kwa kibanja kisichozidi hekta nne inatosha nukta moja. Kinachozidi kinachorewa mipaka yote. Halafu nukta ile inawekwa juu ya picha za satelaiti, na picha inaulizwa: hapa palikuwa msitu mwaka 2020, na sasa hapana?

Kwa hiyo, msikilizaji, wewe unayesema habari za angani ni za wasomi, kahawa yako imo katika kesi na shahidi yuko juu. Hukumwita, hakujui, na anaongea lugha ya rangi.

Na shahidi huyu ana udhaifu wake. Mibuni yetu imekaa chini ya migomba na miti ya kivuli. Ukiitazama kutoka juu, ni kijani kimoja kizito. Ramani nyingi za misitu za dunia zimechorwa na kompyuta, na shamba la kahawa lenye kivuli linaweza kuandikwa msitu. Sasa mzee anaukata mti mmoja mkubwa uliozeeka apate mbao za mlango, au anang'oa upande mzima wa migomba kwa sababu ya mnyauko, kama alivyoelekezwa na bwana shamba. Picha inayofuata inaonesha pengo. Kompyuta inasema: msitu umekatwa. Bwana shamba anasema: mkulima ametii. Nani atakayemjibu mnunuzi wa Hamburg?

Hapa ndipo ninapokosana na wanaoshangilia roketi peke yake. Picha zipo, tena nyingi ni bure. Hifadhi ya Landsat inarudi nyuma hadi 1972, na mtu anayejua kuisoma anaweza kufungua picha za zamani na kuonesha kwamba pale pa mzee palikuwa kibanja kabla sheria ya Ulaya haijaota. Kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kiko Nairobi tangu 1975, na Tanzania ni mwanachama. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina kituo cha taifa kinachofuatilia kaboni na misitu kwa picha hizohizo. Morogoro ni mbali. Mimi ningeanza na mtu mmoja Kyerwa na mmoja Karagwe, mwenye kompyuta na intaneti isiyokatika, aliyefundishwa kusoma picha, na mwenye pikipiki ya kwenda kuhakiki. Mshahara wa miaka mingi wa watu wawili kama hao ni kipande kidogo cha bei ya satelaiti yoyote. Hakuna atakayewapigia ngoma, maana hawatoi moshi wakiondoka.

Jambo jingine lisisahaulike: kahawa inayovushwa usiku kwenda ng'ambo haina nukta. Ikifika huko inachanganywa na ya wengine na inabeba jina la wengine. Na aliyeuza butura, kahawa ikiwa bado maua, ajiulize nukta ya kibanja chake imeandikwa kwa jina la nani.

Basi watakapokuja watu wa chama cha msingi au wa mnunuzi na simu zao kuchukua namba za kibanja chako, fanya hivi. Usiwaache wapime wakiwa barabarani au wamekaa kwenye benchi lako nyumbani. Waingize hadi katikati ya mibuni. Simu ikae juu mahali palipo wazi kidogo, itulie dakika moja au mbili, kwa sababu majani mazito ya migomba yanaichanganya. Omba uandikiwe namba zote mbili kwenye karatasi yako, na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Halafu ziangalie kabla hujatia sahihi. Kwa huku kwetu Kaisho namba ya kwanza inaanza na 1, na mbele yake kuna alama ya kutoa, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Ya pili inaanza na 30. Kama ile alama ya kutoa haipo, mwambie aandike upya palepale, maana bila hiyo kibanja chako cha Kaisho kimehamia Uganda, kule upande wa Ziwa Albert, na kahawa yako itatafutwa huko.